Makabati ya saipresi yamepasuka na kupinda: ning'oe niweke MDF?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu anayeishi Migosi, Kisumu. Kwa ufupi anasema hivi: "Fundi, Novemba tulifanya jiko upya. Fundi wa mtaani akanitengenezea makabati ya saipresi, fremu na paneli, akapaka vanishi yakang'aa. Kufika Februari paneli tatu zilikuwa zimepasuka katikati, na milango miwili imejipinda, pembe ya juu haigusi kabati. Droo nazo zililegea, fundi akarudi akaongeza vijibao kuziba nafasi. Sasa ni Aprili, mvua imeshika, na droo zile zile hazifunguki. Ubao wa chini ya sinki, ambao ni chipubodi (vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa), umevimba ukapasuka kingo. Kijana wangu anasema niyang'oe yote niweke MDF, zile shiti za mbao za kiwandani. Fundi anasema ni hewa ya ziwa. Nifuate neno la nani?"

Mwalimu, usiyang'oe. Katika hayo uliyoeleza, kitu kimoja tu kimeharibika kabisa, nacho ni ubao wa chini ya sinki. Mengine karibu yote yanarekebishika kwa vifaa ambavyo fundi wako tayari anavyo. Lakini hayarekebishiki mwezi huu, na akijaribu mwezi huu atakuharibia zaidi.

Barua yako yenyewe imenipa ushahidi, kwa sababu umetaja miezi. Makabati yalitengenezwa Novemba, wakati wa mvua za vuli. Yakapasuka Februari, ambapo Kisumu huwa kavu kuliko miezi mingi ya mwaka. Droo zikakwama Aprili. Hewa ya ziwa ingekuwa ndiyo adui, kuta za mawe tu ndizo zingesimama Kisumu, na bado mjini kuna milango ya zamani ya mvule na mahogani ambayo imefunga na kufunguka kwa miaka mingi pembeni mwa maji hayo hayo. Tatizo lako ni kwamba mbao zilifungwa kabla hazijakauka, kisha zikafungwa kwa namna isiyoziachia nafasi ya kusogea.

Mbao husogea. Hilo halizuiliki kwa vanishi, kwa gundi wala kwa misumari. Mti ukikatwa unakuwa umejaa maji. Ukipasuliwa na kuanikwa, maji yaliyo huru ndani ya matundu yake huondoka kwanza, na ubao haubadiliki ukubwa. Unyevu ukishashuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, sasa maji yanaanza kutoka kwenye kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ndipo ubao unapoanza kusinyaa. Husinyaa kwenye upana na unene. Kwenye urefu hausinyai kiasi cha kusumbua. Tena ubao uliopasuliwa pete za ukuaji zikiwa zimelala sambamba na uso wake husinyaa karibu mara mbili ya ule ambao pete zake zimesimama. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ubao mmoja ujikunje na mwenzake kutoka gogo lile lile ubaki umenyooka.

Tupige hesabu ya mlango wako. Kwa mbao laini kama saipresi, kila asilimia moja ya unyevu inayopotea huondoa takriban sehemu mbili kwa elfu za upana. Tuseme paneli yako ina upana wa milimita 350, na iliwekwa Novemba ikiwa na unyevu wa asilimia 18, kiwango cha kawaida sana kwa mbao zinazouzwa kwenye yadi kama "kavu". Ndani ya nyumba Kisumu ikashuka hadi asilimia 12. Hizo ni asilimia sita, yaani milimita 4 za upana zimepotea. Kama paneli imeshikwa kwa gundi pande zote mbili za fremu, haiwezi kujivuta kuelekea katikati. Milimita hizo 4 lazima zitoke mahali, na mahali penye udhaifu ni katikati ya paneli. Ndiyo nyufa zako tatu.

Sasa angalia milango ambayo haikupasuka. Chungulia pale paneli inapoingia kwenye fremu, upande wa kushoto na wa kulia. Ukiona mstari mwembamba wa mbao nyeupe isiyo na vanishi, hiyo ni habari njema: paneli hiyo haikugandishwa, imesinyaa kwa uhuru, na kilichojitokeza ni sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya mfereji wa fremu. Usiruhusu mtu aujaze mstari huo kwa gundi na vumbi la mbao. Atakuwa amekufungia ufa wa mwaka ujao. Upake vanishi kwa brashi ndogo, basi.

Naomba pia ufungue mlango mmoja uliojipinda uangalie mgongo wake. Nina hakika kiasi cha kutosha kwamba upande wa nje una vanishi matabaka matatu au manne, na upande wa ndani una moja, au hauna. Hili nimeliona katika jiko baada ya jiko, kuanzia Nakuru hadi Busia, na linaniuma kwa sababu linazuilika kwa kopo moja la ziada. Upande uliopakwa hupokea na kutoa unyevu polepole. Upande mtupu hupokea na kutoa haraka. Uso mmoja unasinyaa au kuvimba mbele ya mwingine, na mlango unajikunja. Mlango wa kabati upakwe sawasawa nje, ndani na kwenye kingo zote nne, ukingo wa chini ukiwemo, ule ambao hakuna anayeuona.

Kuhusu droo, fundi wako alikuja kwa nia njema ila alikuja mwezi mbaya. Februari mbao zilikuwa zimefikia ukavu wake wa mwisho, na nafasi uliyoiona ilikuwa halali. Ilikuwa nafasi ya masika. Alipoongeza vijibao aliipima droo kwa kipimo cha Februari. Ubavu wa droo wenye kimo cha milimita 180, ukipata asilimia tatu tu za unyevu, unapanda kwa milimita moja. Haionekani kuwa kitu, lakini droo iliyowekwa bila hata unene wa msumeno haina pa kuipeleka milimita hiyo. Droo ya mbao katika mji kama Kisumu iachiwe milimita 3 juu inapotengenezwa kiangazi, na milimita 2 ikitengenezwa wakati wa mvua.

Basi tufanye nini, na lini.

Kwa sasa toa vile vijibao vya Februari, hilo pekee. Usimruhusu mtu apige randa droo zilizovimba. Atakwangua mpaka ziteleze vizuri Aprili, na Januari zitacheza tena. Kausha sehemu droo inapotelezea, kisha isugue kwa mshumaa mweupe wa kawaida, chini ya mbavu na juu ya reli zake za mbao. Usitumie mafuta ya kupikia wala grisi. Hunasa vumbi na kuingia kwenye mbao.

Kisha ng'oa mlango mmoja, ule uliopinda zaidi, uuweke kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali. Mlango wa saipresi wa futi mbili hivi kwa futi moja na robo hauzidi kilo tatu, kwa hiyo mizani ya kilo tano inatosha. Andika uzito na tarehe, kila Jumamosi. Asilimia sita za unyevu katika mlango wa namna hiyo ni zaidi ya gramu 100, kwa hiyo mizani itaona mabadiliko muda mrefu kabla jicho lako halijayaona. Uzito ukisimama mahali pamoja kwa wiki nne mfululizo, mbao zimetulia. Nategemea utafika huko baada ya mvua hizi kupungua, si kabla. Najua unatamani jiko limalizike. Lakini kazi itakayofanywa kwenye mbao iliyotulia itadumu, na ile ya haraka utailipia mara mbili.

Zikishatulia, anza na paneli zilizopasuka. Mlango wa fremu ulioungwa kwa ulimi na tundu haufunguliwi ovyo, na hakuna haja ya kuuvunja. Ulaze kifudifudi. Kwa patasi kali, fundi aukate ule mdomo wa nyuma wa mfereji unaoishika paneli, pande zote nne, hadi paneli itoke kwa nyuma. Asikate mdomo wa mbele. Akiwa makini, mbele ya mlango hakutakuwa na alama yoyote. Paneli ikitoka, aukwangue ukingo kuondoa gundi ya zamani, aunganishe ufa kwa gundi nyeupe ya mbao na vibano, aiache usiku kucha. Kisha aipunguze upana ili ibaki na milimita 2 za nafasi kila upande ndani ya fremu, aipake vanishi mbele, nyuma na kingoni kabla ya kuirudisha. Mwisho airudishe na kuishikilia kwa vifito vyembamba vilivyopigiliwa kwenye fremu. Narudia: kwenye fremu, si kwenye paneli. Akitaka paneli isicheze, apigilie kijimsumari kimoja katikati juu na kimoja katikati chini, ili isinyae sawa kulia na kushoto.

Kazi hii inachukua muda kwa kila mlango, na mafundi wengi watakuambia ni rahisi kuziba ufa kwa pati. Ni rahisi kweli. Itapasuka tena, pembeni mwa pati.

Milango iliyojipinda inahitaji kupimwa kwanza. Chukua fito mbili zilizonyooka, weka moja karibu na ukingo wa juu wa mlango na nyingine karibu na ukingo wa chini, zote zikiwa zimelala upana wa mlango. Inama utazame kutoka mwisho mmoja wa mlango, fito moja ikiwa mbele ya nyingine. Fito zikionekana sambamba, mlango umenyooka. Moja ikinyanyua kichwa, huo ndio mpindo, na unaweza kuupima kwa rula. Mpindo wa milimita 6 au chini ya hapo hutibiwa na bawaba. Sogeza bawaba moja nje kwa kuiwekea kipande cha karatasi ngumu nyuma, na kosa litagawanyika: milimita 3 juu, milimita 3 chini, na sumaku ndogo ya kufungia itamaliza. Jicho haliioni. Ukizidi milimita 10, usipoteze pesa kwenye kuubembeleza. Tengeneza mlango mpya mmoja, kwa mbao kavu. Watu hujaribu kuunyoosha kwa kuulowesha na kuuwekea mawe. Hunyooka kwa wiki, kisha hurudia tabia yake, kwa sababu mpindo uko kwenye nyuzi zenyewe.

Kuhusu nyuzi, kuna jambo la historia ambalo fundi wako hawezi kulaumiwa nalo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ilikaa mpaka Julai 2023. Kwa miaka hiyo, saipresi na paini za mashamba makubwa ya serikali kule Elburgon, Molo na Londiani hazikupatikana kama zamani, na mbao za mashambani kwa watu zikajaza pengo. Mti wa shambani mara nyingi hukatwa ukiwa mdogo. Mbao iliyo karibu na moyo wa mti mchanga ina pete pana na nyuzi zisizotulia. Hii ndiyo hata husinyaa kidogo kwenye urefu, jambo ambalo mbao ya mti mzima haifanyi, na hujinyonga. Mazoea ya kununua hivyo bado yapo. Ukienda yadi, tazama kichwa cha ubao. Ukiona duara dogo la moyo wa mti ndani yake, urudishe, hata kama umenyooka siku hiyo.

Sasa kijana wako na MDF yake. Simpingi moja kwa moja, maana MDF ina mahali pake. Haina mkondo wa nyuzi kama ubao, haijipindi kwa msimu, na hakuna mbao inayopokea rangi vizuri kuliko hiyo. Kwa makabati ya juu ukutani, yaliyo mbali na maji, yanayopakwa rangi, ningeitumia bila wasiwasi. Lakini ni nyuzi za mbao zilizosagwa laini na kushindiliwa kwa gundi, na kingo zake zikipata maji huvimba na hazirudi tena. Mbao yako ya saipresi ikilowa huvimba, ikikauka husinyaa. MDF na chipubodi zikivimba zimekwisha. Ile ya kijani inayouzwa kwa ajili ya unyevu inavumilia zaidi mvuke, lakini haijaumbwa kukaa kwenye maji. Na sisi huku tunaosha sakafu kwa kumwaga maji na kuyasukuma nje kwa mlango. Kabati la chini la MDF lililokaa moja kwa moja sakafuni, katika nyumba inayopigwa deki hivyo kila asubuhi, litaanza kufura chini kabla watu hawajazoea rangi yake. Tena uzito: shiti moja ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, ni takriban kilo 40. Skrubu za bawaba hushika mara ya kwanza, zikitolewa na kurudishwa mara mbili tatu hupoteza meno.

Kwa hiyo ubao wako wa chini ya sinki usiubadilishe kwa chipubodi nyingine, wala kwa MDF. Weka plaiwudi ya milimita 18 iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Neno "marini" lililopigwa muhuri kwenye shiti halitoshi kuniridhisha. Omba kipande cha mabaki dukani, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, ukiache kikauke. Tabaka zikiachana, gundi yake ni ya ndani ya nyumba kavu. Zikishikamana, nunua shiti. Ikatwe, matundu ya bomba yatobolewe, na kila ukingo mpya, hata wa tundu la bomba, upakwe vanishi au rangi ya mafuta matabaka matatu kabla haijafungwa. Kabati lote la sinki linyanyuliwe kwa miguu ya sentimita 10, na ubao wa mbele wa kuficha miguu usiguse sakafu. Achia milimita 10. Hapo utaona pia njia za udongo za mchwa mapema zikianza kupanda, badala ya kuzigundua sahani zinapoanguka.

Kabla ya haya yote, mwite fundi wa bomba. Chipubodi haikuvimba kwa mvuke. Kuna mahali panapodondosha, na mara nyingi ni pale beseni la sinki linapokutana na meza, ambapo silikoni iliwekwa juu ya vumbi.

Kwa mlango au miwili utakayotengeneza upya, nunua mbao sasa hivi, wakati unasubiri. Zipange kwenye chumba au veranda yenye upepo na kivuli, zikiwa zimelala juu ya msingi ulionyooka. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vyenye unene sawa, inchi moja hivi, kila baada ya futi moja na nusu, na vijiti vya tabaka zote visimame mstari mmoja wima. Paka vichwa vya mbao rangi yoyote iliyobaki nyumbani, maana vichwa hukauka haraka kuliko tumbo na ndipo nyufa huanzia. Weka uzito juu. Pima ubao mmoja kwenye mizani, kama ulivyofanya mlango. Ukipenda kitu kitulivu zaidi kuliko saipresi kwa milango hiyo, mvule ni mbao ya kuaminika sana; mwambie fundi anoe vyuma vyake, kwani ndani yake hukutwa vijiwe vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha macho na kifua, kwa hiyo avae barakoa. Ila usichanganye mvule na saipresi katika mlango mmoja.

Na siku ya kupaka vanishi, apake asubuhi jua likishachomoza vizuri, amalize kabla ya mawingu ya alasiri. Vanishi za kukauka haraka zikipulizwa kwenye hewa nzito ya kabla ya mvua hugeuka nyeupe juu ya mbao, na itabidi apige msasa na kuanza upya.

Umeniuliza ufuate neno la nani. Kwa jiko la sasa, mfuate fundi wako, mradi akubali kungoja mizani. Mpe barua hii aisome, na mkubaliane kwamba malipo ya mwisho ya matengenezo yatatolewa Februari, milango iliyorekebishwa ikiwa imepita vuli na kiangazi kimoja. Fundi anayejiamini hatakataa sharti hilo. Kijana wako naye mpe kazi ya makabati ya juu, kama bado hujayatengeneza.